Floraidi katika maji ya Bonde la Ufa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu afya, vichujio na utafiti mpya wa kemia

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walimu, wahudumu wa afya na kamati za maji katika maeneo ambako maji ya kunywa yana floraidi nyingi: Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida kwa upande wa Tanzania, Nakuru, Naivasha na Baringo kwa upande wa Kenya, pamoja na majirani zetu wa Ethiopia wanaoishi katika bonde hilohilo. Maswali ni yale yanayoulizwa katika mikutano ya vijiji na kwenye meza ya kupimia maji. Pale ambapo jibu ni maoni yangu na si jambo lililothibitishwa, nimesema hivyo waziwazi.

Floraidi ni nini, na inaingiaje kwenye maji?

Floraidi ni ayoni ya florini, yaani chembe ya florini iliyobeba chaji hasi moja. Katika viwango vinavyopatikana visimani haionekani, hainuki wala haina ladha, na ndiyo maana maji yanaweza kung'aa kama kioo huku yakiwa na floraidi mara tano ya kiwango kinachokubalika. Hakuna kiwanda kilichoimwaga. Miamba na majivu ya volkano ya Bonde la Ufa yana florini nyingi kiasili, na mvua inapopenya ardhini na kukaa kwa muda mrefu ndani ya miamba hiyo, floraidi huyeyuka na kusafiri na maji hadi kwenye chemchemi na visima.

Kuna mhusika wa pili ambaye mara nyingi husahaulika, naye ni kalsiamu. Kalsiamu ikikutana na floraidi huungana nayo na kuwa floraspa, jiwe lisiloyeyuka kirahisi, lile lile lililochimbwa kwa miaka mingi katika Bonde la Kerio nchini Kenya. Kwa hiyo maji yenye kalsiamu nyingi hayawezi kubeba floraidi nyingi, kwa sababu sehemu kubwa hugeuka jiwe na kubaki ardhini. Maji ya kuzunguka Mlima Meru na sehemu nyingi za bonde yana tabia ya kinyume: yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi na kalsiamu kidogo, hivyo hakuna kinachoizuia floraidi. Wenyeji wanayafahamu maji hayo kwa mkono, kwa kuwa sabuni hutoa povu haraka na ngozi hubaki ikiteleza hata baada ya kusuuza. Dalili hiyo si kipimo, lakini inaeleza kemia ya mahali hapo vizuri kuliko michoro mingi.

Maji hayo yanapofika kwenye maziwa yasiyo na njia ya kutokea, jua huyakausha na floraidi hubaki. Ndivyo ilivyotokea Ziwa Nakuru na Ziwa Elmenteita, ambako vipimo vilivyochapishwa vimewahi kuzidi miligramu 1,000 kwa lita.

Mbona kisima chetu kina floraidi nyingi na cha jirani hakina?

Visima viwili vilivyo umbali wa kutupa jiwe vinaweza kuchota maji kutoka tabaka tofauti za miamba, kwa kina tofauti na kwa maji yaliyokaa ardhini kwa miaka tofauti. Chemchemi za moto kwa kawaida huwa na floraidi nyingi zaidi. Kila chanzo kipimwe peke yake, na kipimwe tena katika msimu mwingine.

Kiwango gani kinakubalika?

Shirika la Afya Duniani linaelekeza kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kisha ikashusha hadi 4, na sasa inafuata 1.5. Viwango vile vya juu havikuwekwa kwa sababu miili ya watu wa Arusha ni tofauti na ya watu wengine; viliwekwa kwa sababu hapakuwa na maji mbadala. Ni vyema kamati za maji zikumbuke historia hiyo, kwa kuwa bado kuna visima vilivyochimbwa na kukabidhiwa kwa kibali cha zamani, na wananchi wanaambiwa kwamba maji yao "yalishapimwa yakafaulu".

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba mwili hauhesabu miligramu kwa lita, bali miligramu kwa siku. Mtu anayekunywa lita 2 za maji yenye miligramu 1.5 anapata miligramu 3. Mkulima anayelima juani na kunywa lita 4 za maji yenye miligramu 4 anapata 16, kabla hatujahesabu chai, uji, ugali na mchuzi vilivyopikwa kwa maji yayo hayo. Shirika la Afya Duniani lenyewe limesema kwamba hatari ya madhara ya mifupa ni dhahiri mtu anapopata miligramu 14 kwa siku, na kwamba kuna dalili za kuongezeka kwa hatari hiyo kuanzia kama miligramu 6.

Kwa nini meno ya watoto wetu huota yakiwa na madoa ya kahawia?

Enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, hujengwa ndani ya ufizi miaka kadhaa kabla jino halijachomoza. Chembe hai zinazoijenga huweka kwanza utando wa protini, kisha madini ya kalsiamu na fosfeti huingia na protini hiyo huondolewa kidogo kidogo hadi jino likomae. Floraidi ikizidi katika kipindi hicho, protini huchelewa kuondoka na enameli hubaki na vinyweleo vidogo visivyojaa madini. Jino huchomoza likiwa na mabaka meupe kama chaki, halafu baada ya kuchomoza vinyweleo hivyo hunyonya rangi ya chakula na vinywaji na kugeuka njano au kahawia. Katika hali kali, enameli humeguka vipande.

Hapa ndipo penye jambo ambalo laiti lingejulikana kwa kila mzazi. Kipindi cha hatari ni tangu utotoni hadi karibu miaka 8, wakati meno ya kudumu yanapojengwa. Mtu mzima aliyehamia Arusha akiwa na meno meupe hataota madoa hata akinywa maji hayo kwa miaka ishirini, na mtoto ambaye meno yake yameshachomoza na madoa hataponywa kwa kubadilishiwa maji. Kijana wa kidato cha pili anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka hakosi usafi wala hakukosa mswaki. Alikunywa maji ya nyumbani kwao alipokuwa na miaka mitatu, basi. Walimu wana nafasi kubwa ya kulieleza hili darasani, kwa sababu aibu inayowapata watoto hawa ni sehemu ya madhara yenyewe.

Na mifupa?

Karibu asilimia 99 ya floraidi iliyomo mwilini hukaa kwenye mifupa na meno. Mfupa unajijenga upya kila siku, na floraidi huchukua nafasi ya hidroksidi katika madini ya mfupa, hivyo mfupa huwa mzito zaidi lakini si imara zaidi. Kwanza huja maumivu ya viungo na ukakamavu wa mgongo, ambayo hufanana na magonjwa mengine mengi, na baada ya miaka mingi ya kiwango kikubwa mishipa ya kuunganisha mifupa huweza kugeuka ngumu. Kwa watoto wanaokua, hasa wenye upungufu wa kalsiamu katika chakula, miguu hupinda. Matege ya namna hiyo yameonekana katika vijiji vya tambarare vilivyo kati ya Meru na Kilimanjaro, na si kila tege ni la floraidi, kwa hiyo mtoto apelekwe hospitali kabla ya mtu kutoa hukumu.

Mwenye figo dhaifu yuko hatarini zaidi, kwa kuwa figo ndizo zinazoitoa floraidi nje ya mwili.

Nimesikia kwamba floraidi hupunguza akili za watoto. Ni kweli?

Swali hili limezua mjadala mkubwa Marekani. Mnamo Agosti 2024 Programu ya Taifa ya Sumu ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyopitia tafiti za nchi mbalimbali, na ikahitimisha, kwa uhakika wa wastani, kwamba viwango vinavyozidi miligramu 1.5 kwa lita vinahusiana na alama ndogo katika vipimo vya akili vya watoto. Kati ya tafiti 19 zilizohesabiwa kuwa na ubora wa juu, 18 zilionyesha uhusiano huo. Ripoti hiyohiyo ilisema kwamba ushahidi hautoshi kuamua lolote kuhusu miligramu 0.7 kwa lita, ambacho ni kiwango kinachoongezwa kwenye maji ya mabomba huko Marekani ili kulinda meno.

Wamarekani wanabishana kuhusu 0.7. Sisi tuna vijiji vinavyokunywa 5 na 10. Kwa maoni yangu, ubishi wao usitupotezee muda, kwa sababu maji yetu yana viwango ambavyo pande zote mbili za mjadala huo zinakubaliana kuwa ni vikubwa mno. Uhusiano wa kitakwimu si uthibitisho wa chanzo, na mtoto mmoja mmoja hawezi kupimwa akaambiwa kwamba floraidi ndiyo iliyomfelisha. Lakini ni sababu ya ziada ya kuwatanguliza watoto na wajawazito.

Je, kuchemsha maji kunaondoa floraidi?

Hapana, na hili linastahili kusemwa kwa sauti kubwa. Kuchemsha huua vijidudu. Floraidi haifi wala haipai na mvuke, hubaki sufuriani. Ukiweka lita 4 zenye miligramu 3 kwa lita na ukachemsha hadi zikabaki lita 3, maji yaliyobaki yana miligramu 4 kwa lita. Dawa ya klorini haiigusi, kitambaa cha kuchujia hakiigusi, mchanga hauigusi, na mbegu za mlonge, ambazo ni nzuri sana kwa kutuliza tope, haziwezi kutegemewa kwa kazi hii.

Magadi na chai vina uhusiano gani na jambo hili?

Magadi hutoka katika maziwa yaleyale yaliyokusanya floraidi kwa maelfu ya miaka, kama Natron na Magadi, na uchunguzi uliofanywa Tanzania umeonyesha kwamba baadhi ya magadi yanayouzwa sokoni yana floraidi ya kutosha kuleta madoa ya meno hata mahali ambapo maji yenyewe hayana tatizo. Kiasi hutofautiana sana kati ya fungu moja na jingine. Familia inayopikia maharage na makande kwa magadi kila siku inaweza kuloweka nafaka usiku kucha badala yake, na chakula cha mtoto mdogo kisitiwe magadi kabisa.

Mmea wa chai nao hunyonya floraidi kutoka udongoni na kuihifadhi kwenye majani, na majani yaliyokomaa huwa na nyingi kuliko machanga. Chai kwa mtu mzima si jambo la kuogofya. Chai ya rangi kwa mtoto wa miaka miwili, iliyopikwa kwa maji ya kisima chenye floraidi, ni jambo la kuachwa. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji yenye nyingi, na hiyo ni sababu nyingine ya kumnyonyesha mtoto bila kumpa kitu kingine miezi 6 ya kwanza.

Maji yanapimwaje, na nitajuaje kama kipimo ni cha kuaminika?

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ya rangi: tone la kitendanishi chekundu hufifia kadiri floraidi inavyozidi, na mashine ndogo husoma mfifio huo. Ni nafuu na inabebeka, ila huvurugwa na vitu vingine vilivyomo majini. Ya pili ni ya elektrodi, yaani kijiti cha kupimia, yenye fuwele ya lanthanamu floraidi kwenye ncha yake, iliyobuniwa mwaka 1966. Fuwele hiyo hupitisha ayoni za floraidi tu, na tofauti ya volteji kati ya ndani na nje hutafsiriwa kuwa miligramu kwa lita.

Ukiwa mezani unaona hivi: maji hupimwa kiasi maalumu kwenye kikombe cha plastiki, si cha glasi, kisha huongezwa kiasi sawa cha mchanganyiko wa kusawazisha, sumaku ndogo huzunguka chini ya kikombe, elektrodi huzamishwa, na namba kwenye kioo cha mashine hupanda na kushuka kwa dakika moja au mbili hadi zitulie. Mchanganyiko ule wa kusawazisha si mapambo. Unaweka asidi ya maji mahali panapofaa, na zaidi ya yote unaivua floraidi kutoka kwenye aluminiamu. Floraidi iliyoshikana na aluminiamu haionekani kwa elektrodi. Mtu akitibu maji kwa shabu, ambayo ina aluminiamu, kisha akapima bila mchanganyiko huo, atapata namba ndogo ya kupendeza huku floraidi ingali ndani ya maji. Mfanyabiashara wa kichujio akikuonyesha kipimo, muulize kama alitumia mchanganyiko huo, na muulize pia kiasi cha aluminiamu kilichobaki.

Njia zilizozoeleka za kuondoa floraidi ni zipi?

Ya kwanza ni shabu na chokaa, iliyoendelezwa India na kupewa jina la wilaya ya Nalgonda. Shabu ikiyeyuka majini huunda utelezi mweupe wa aluminiamu ambao hushika floraidi na kutua nayo chini, na chokaa hurekebisha asidi. Vifaa ni ndoo mbili na mwiko. Udhaifu wake ni kwamba shabu nyingi inahitajika, mashapo ni mengi, na maji yenye floraidi kali kama yetu mara nyingi hayafiki 1.5.

Ya pili, ambayo Afrika Mashariki ina uzoefu nayo mkubwa, ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe husafishwa, huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo kwa nyuzi kati ya 400 na 500 hivi, kisha husagwa kuwa chengachenga. Kinachobaki ni madini yaleyale ya mifupa yetu, na floraidi huyapenda kwa sababu ileile inayoifanya ikae mifupani mwetu. Yaani tunaipa floraidi mfupa wa ng'ombe ili isiufuate mfupa wa mtoto. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeifanyia kazi njia hii kwa miaka mingi, na Jimbo Katoliki la Nakuru lilijenga matanuri na kusambaza vichujio kwa kushirikiana na watafiti wa Uswisi.

Fundi wa mkaa wa mifupa husoma rangi kabla ya kusoma kipimo. Chenga nyeusi tititi hazijaiva, zitaacha harufu na rangi majini. Nyeupe pe zimeungua kupita kiasi na uso wake umefungana, hivyo hazishiki kitu. Zinazotakiwa ni za kijivu. Jambo hilo dogo ndilo linalotofautisha kichujio cha miezi kadhaa na kichujio cha siku chache. Wapo pia watu ambao kwa sababu za dini au mila hawakubali maji yaliyopita kwenye mifupa, na wana haki ya kuelezwa mapema mifupa ni ya mnyama gani na imetoka wapi.

Zipo pia alumina amilifu, yaani punje za oksidi ya aluminiamu, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi maji yakiwa na asidi kidogo, jambo ambalo maji yetu hayana, na mashine za utando zinazosukuma maji kwa shinikizo. Mashine hizo huondoa karibu floraidi yote, ila zinataka umeme na humwaga sehemu kubwa ya maji.

MOF zilizopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025 ni kitu gani, na zinaweza kutusaidia?

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa wa Kyoto, Richard Robson wa Melbourne na Omar Yaghi wa Berkeley kwa kubuni viunzi vya metali na molekuli za kaboni, ambavyo wanakemia huviita MOF. Fikiria jukwaa la ujenzi lililofungwa kwa miti: kila fundo ni ayoni za metali, kila mti ni molekuli ya kaboni, na kati yake kuna vyumba vitupu vinavyolingana. Vyumba hivyo ndivyo vyenye thamani. Gramu chache za MOF-5, iliyotangazwa mwaka 1999, zina uso wa ndani unaotosha uwanja wa mpira, na mwanakemia anaweza kuchagua metali na mti ili chumba kipokee kitu fulani na kukikataa kingine. MOF zimejaribiwa kunasa kaboni dayoksaidi, kuvuna maji kutoka hewa ya jangwani na kuondoa kemikali sugu majini.

Kwa floraidi, macho yameelekea zaidi kwenye viunzi vya zirikoniamu na vya aluminiamu, kwa kuwa metali hizo mbili hushikana na floraidi kwa nguvu. UiO-66, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutangazwa 2008, na MOF-801, ambayo miti yake ni asidi ya fumariki, ni miongoni mwa zilizojaribiwa. Katika maabara, gramu moja ya viunzi vya namna hii hushika floraidi nyingi kuliko gramu moja ya mkaa wa mifupa. Hilo ni kweli na linatia moyo.

Basi kwa nini haziko madukani?

Swali hili ndilo ninalopenda kuulizwa kuliko mengine, kwa sababu jibu lake linatusaidia kupima kila tangazo la "nyenzo mpya" litakalokuja.

Majaribio mengi hufanywa kwa maji safi ya maabara yaliyotiwa chumvi ya floraidi peke yake. Maji ya kisima cha Arumeru au Njoro hayako hivyo. Yana bikaboneti kwa mamia ya miligramu, na mara nyingine yana fosfeti, na vyote viwili hugombea nafasi zilezile kwenye metali. Fosfeti huweza hata kuvunja kiunzi cha zirikoniamu. Floraidi yenyewe ikizidi huweza kung'oa miti ya kiunzi, kwa hiyo kile unachokipima kama uwezo mkubwa kinaweza kuwa ni nyumba inayobomoka. Halafu MOF hutengenezwa kama unga laini. Ukiujaza kwenye bomba, maji hayapiti, na ukiufinyanga kuwa punje kwa gundi, unapoteza sehemu ya uso ule uliokuwa unajivunia. Bei ya zirikoniamu na ya viyeyushi nayo ipo palepale.

Tufanye hesabu ya ndoo. Maji ya ndoo moja ya lita 20 yenye miligramu 8 kwa lita, ili yafike 1.5, yanatakiwa kuondolewa miligramu 130. Tuseme nyenzo yetu inashika miligramu 2 kwa gramu katika maji halisi. Kilo 10 zitashika gramu 20, sawa na ndoo kama 150, na familia inayotumia ndoo mbili kwa siku kwa kunywa na kupikia itabadilisha nyenzo baada ya siku 75 hivi. Nyenzo yenye uwezo mara kumi ingetaka kilo moja tu kwa muda uleule, na hapo ndipo utafiti mpya unapoweza kubadilisha maisha. Lakini namba hiyo ya pili iwe imepimwa kwenye maji ya kisima, siku baada ya siku, maji yakipita kwenye bomba. Uwezo uliopimwa kwenye kichupa cha maji safi hauingii katika hesabu ya ndoo, na kwa maoni yangu mtafiti yeyote anayeandika kuhusu floraidi ya Bonde la Ufa bila kutumia hata lita moja ya maji ya bonde hilo hajaifikisha kazi yake mwisho.

Kuna utafiti unaofanyika hapa kwetu?

Upo, na ni mzuri. Askwar Hilonga, mhandisi kemia wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, aliunganisha mchanga na nyenzo za nano, yaani za chembe ndogo mno, zinazorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, floraidi ikiwemo, na mwaka 2015 akawa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Wazo la kuanza na maji ya mahali husika na kurekebisha nyenzo kuyafuata ndilo hasa somo la swali lililotangulia.

Ethiopia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa wakishirikiana na wenzao wa Madrid wamechukua zeolaiti ya asili, madini yenye vinyweleo vingi, inayochimbwa nchini mwao na kuotesha juu yake fuwele ndogo mno za madini ya mfupa, ili kupata faida ya mkaa wa mifupa bila mifupa. Mradi mmoja wa Umoja wa Ulaya ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Cagliari na kuzihusisha Tanzania, Kenya na Ethiopia ulitumia aina ya kalsiamu fosfeti ambayo ikikutana na floraidi hujigeuza yenyewe kuwa madini yenye floraidi. Si kushika kwa juu tu, bali floraidi huingia ndani na kufungiwa humo. Huko Berkeley, Marekani, watafiti wamejaribu boksiti ghafi, udongo wa aluminiamu, iliyopashwa moto kidogo, kwa sababu ni rahisi mno na hupatikana Afrika. Hakuna hata moja kati ya hizi inayong'aa kama MOF, ila zote zimeanza na swali la bei na la maji halisi.

Nyenzo ikichoka, tuitupe wapi?

Mkaa wa mifupa uliochoka unaweza kuoshwa kwa soda kali (sodiamu hidroksidi, si magadi ya kupikia) na kutumika tena, lakini kazi hiyo ifanywe kituoni na mtu aliyefunzwa, kwa sababu soda hiyo huunguza na maji ya kuoshea yamejaa floraidi. Ulioshindikana kabisa hushikilia floraidi yake kwa nguvu na huweza kufukiwa mbali na kisima. Mashapo ya shabu yasimwagwe bustanini.

Tuache dawa ya meno yenye floraidi?

Mtu mzima asiache. Anapiga mswaki na kutema, na floraidi inayogusa uso wa jino huzuia kuoza. Tatizo la watoto wadogo ni kumeza. Mtoto wa chini ya miaka 3 awekewe kiasi cha punje ya mchele, na katika maeneo yenye floraidi nyingi mzazi amuulize daktari wa meno.

Sina fedha za kichujio. Nianzie wapi?

Anza na kugawa maji. Maji ya kisima yatumike kufua, kuoga na kuosha vyombo, kwa sababu floraidi haipenyi kwenye ngozi kwa kiasi cha kuleta madhara. Kinachohitaji maji mazuri ni kunywa na kupikia, na kama hata hayo hayatoshi kwa nyumba nzima, yatengwe kwa mjamzito na kwa kila mtoto ambaye hajatimiza miaka 8. Ndoo yao iwe na rangi yake na mfuniko wake, na uji wao upikwe kwa maji hayo. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa na mboga za majani huongeza kalsiamu, ambayo hushikana na floraidi tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia kwenye damu.

Chanzo cha bei nafuu kuliko vyote kiko juu ya paa. Mvua karibu haina floraidi. Paa la bati la mita za mraba 30, mvua ikinyesha milimita 10 tu, hukusanya lita 300, na hata ukitoa zinazopotea na zile za mwanzo zinazoosha vumbi, zinabaki ndoo zipatazo 12. Shule yenye madarasa manne na matangi mawili inaweza kuwanywesha wanafunzi wa chekechea na darasa la kwanza kwa sehemu kubwa ya mwaka. Tangi lifunikwe, mfereji usafishwe kabla ya masika, na maji hayo ya paa, ambayo huweza kuwa na vijidudu vya ndege na majani, ndiyo yachemshwe.